Ulanzi wa Kihesa na Mizani ya Malenga

Malenga wetu waimbapo mji unaobadilika hupita njia moja: mgahawa wa kigeni ni mwizi, mama ntilie ni mdhulumiwa, na kaditama ni kilio. Vina vimetimia, mizani haikupungua. Aliyekosekana ni mama ntilie mwenyewe.

Tuitazame Kihesa, kata ya Manispaa ya Iringa. Jioni za huko zina ulanzi, maji ya mianzi michanga yagemwayo wakati wa mvua. Ukiwa mbichi ni mtamu, huitwa mtogwa. Ukilala huchacha, ukawa mkangafu. (Sisi wa visiwani kilevi hatukisifu, lakini mgema twamjua.) Ulanzi haungoji mteja wala hausafiri mbali, na mvua zikikoma huadimika, muuzaji akageukia komoni ya mahindi. Kuku wa KFC, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2013, ni yule yule Januari na Julai, na kufanana huko ndiko kunakouzwa.

Basi ugomvi wa katikati ya mji si wa mgeni na mwenyeji tu. Ni wa bidhaa isiyo na msimu na bidhaa yenye msimu, zikidaiwa pango lile lile kila mwezi. Pango likipanda, mama wa kilabu aweza kuondoka na wateja wake wangali wampenda. Tungo za machozi hazilioni hili, kwa kuwa zimemnyima akili ya biashara. Malenga hana haja ya kuonja. Na amuulize analipa kiasi gani, kisha atafute kina cha jibu lake.