Mishipa midogo ya ubongo si mabomba

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari kuhusu ubongo. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza kwa nini wazee wanasahau sana. Nikajibu haraka haraka: "Mishipa ya damu ni kama mabomba ya maji. Bomba likizeeka linashika kutu, linaziba, na maji hayafiki." Darasa zima likaelewa. Mwalimu akanishukuru. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikairudia hadithi ile mezani mbele ya familia, bibi yangu akiwepo.

Miaka kadhaa baadaye nilienda kumsalimia bibi nikakuta vidonge vyake vya presha vimelala kabatini, havijaguswa kwa muda mrefu. Kando yake kulikuwa na chupa ya mchanganyiko wa limao, tangawizi na kitunguu saumu, iliyouzwa kwake kama dawa ya "kuzibua mishipa". Nilipomuuliza, akanitazama kama mtu anayemkumbusha mtoto somo lake: "Si wewe uliyesema ni mabomba, mjukuu wangu? Bomba likiziba linazibuliwa. Halimezeshwi vidonge kila siku."

Sikuwa na jibu. Kwa mantiki ya mfano niliompa mwenyewe, bibi alikuwa sahihi kabisa.

Ndiyo maana naandika haya. Mfano wa bomba upo kila mahali: kwenye vipindi vya afya redioni, kwenye mabango, kwenye video za simu, na kwa kweli hata kwenye maandishi yetu sisi tunaojiita wachambuzi wa sayansi. Nataka kuukosoa kwa haki. Kwanza niseme unapofaa, kisha nionyeshe unapotupoteza, na kwa nini upotevu huo si wa maneno tu.

Unapofaa ni kwenye mishipa mikubwa. Ateri za shingoni zinaweza kujenga utando wa mafuta ndani, njia ikawa nyembamba, na bonge la damu likakwama mahali fulani. Hapo ukisema "bomba limeziba" hujakosea sana. Tatizo linaanza tunapochukua picha hiyohiyo tukaipeleka kwenye mishipa midogo kabisa, kapilari na viateri vinavyoilisha. Na ubongo, tukiupima kwa urefu wa njia zake za damu, karibu wote ni mishipa midogo. Kapilari za ubongo wa mtu mmoja zikiungwa ncha kwa ncha zinakadiriwa kufika kilomita 600 hivi, kama safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha. Kapilari moja ina upana wa mikromita 5 hadi 8. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8, kwa hiyo mara nyingi inalazimika kujikunja ili ipite, tena kwa foleni, moja nyuma ya nyingine.

Sasa tuuhoji mfano wenyewe.

Kosa la kwanza: bomba halijui nani ana kiu. Ubongo una takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Na hauna ghala la maana. Damu ikikatika kabisa, mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi. Kwa hiyo hauwezi kusambaziwa damu kama maji ya mgao, kila mtaa na siku yake. Sehemu inayofanya kazi sasa hivi inapaswa kuongezewa sasa hivi.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1890 Charles Roy na Charles Sherrington waliandika kwamba ubongo una utaratibu wake wa ndani wa kubadili damu inayofika kila sehemu kulingana na kazi ya sehemu hiyo. Miaka mia moja baadaye, 1990, Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba MRI inaweza kutofautisha damu yenye oksijeni nyingi na yenye oksijeni kidogo. Zile picha za ubongo zenye madoa mekundu na ya njano, zinazoandikwa "hapa ndipo mtu anapofikiri", zinatokana na hilo. Kinachopimwa hapo si fikra, ni damu inayoitikia wito. Yaani uwanja mzima wa utafiti umesimama juu ya jambo ambalo bomba haliwezi kulifanya.

Wito huo unapitaje? Chembe za neva zikifanya kazi zinamwaga potasiamu nje. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, lilionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba ukuta wa kapilari unaihisi potasiamu hiyo na kupeleka ishara ya umeme kurudi juu, kinyume na mkondo wa damu, mpaka kwenye kiateri kinachoilisha. Kiateri kinalegea, damu inaongezeka. Ukuta huo, basi, una sikio na una mdomo.

Kosa la pili: bomba zuri halipitishi kitu ukutani. Kapilari ya ubongo kazi yake kubwa ni kupitisha vitu ukutani, lakini kwa kuchagua. Mwaka 1885 Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu akaona karibu viungo vyote vimebadilika rangi isipokuwa ubongo. Akadhani ubongo haupendi rangi ile. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akaiweka rangi upande wa pili, ndani ya majimaji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika rangi ila mwili haukushika. Kumbe kulikuwa na kizuizi katikati. Leo tunajua kizuizi hicho ni chembe za ukuta wa kapilari zenyewe, zilizoshonana kwa kubana sana, zenye milango maalumu ya kuingiza sukari na mahitaji mengine na kuzuia yasiyotakiwa. Ehrlich alikuwa gwiji, na bado alisoma matokeo yake vibaya kwa sababu hakuupa ukuta nafasi yoyote katika hadithi. Sisi wa mabomba tunarudia kosa lake.

Kosa la tatu ndilo lililomgusa bibi: uzee. Bomba linazeeka kwa njia moja, linaziba au linapasuka. Mishipa midogo inazeeka kwa njia nyingi, na nyingi kati yake hazihusu kuziba. Kuta za viateri zinanenepa, chembe za misuli zinakufa na mahali pake panajaa nyuzinyuzi ngumu kama kovu. Mshipa upo wazi, damu inapita, lakini ukiitwa hauitiki vizuri. Kapilari nyingine zinapotea kabisa. Kizuizi nacho kinaanza kuvuja: mwaka 2015 watafiti waliotumia MRI walionyesha kwamba kadiri watu wanavyozeeka, kizuizi hicho kinalegea katika hipokampasi, sehemu muhimu kwa kumbukumbu, na kinalegea zaidi kwa wale ambao tayari wameanza kupungukiwa uwezo wa akili.

Halafu kuna mapigo. Ateri kubwa za kijana zinavutika kama mpira na kumeza kishindo cha kila pigo la moyo. Zikikakamaa kwa umri na presha, kishindo hicho kinashuka mpaka kwenye mishipa midogo ambayo haikuumbwa kukipokea. Inayoumia sana ni ile mirefu, myembamba, inayozama kwenye sehemu nyeupe ya ndani ya ubongo, ambako njia mbadala za damu ni chache. Ndiyo maana picha za MRI za wazee wengi zinaonyesha mabaka meupe huko ndani, na wakati mwingine vishimo vidogo, makovu ya viharusi ambavyo mwenyewe hakuvihisi. Ugonjwa huu wa mishipa midogo unahusika na takribani robo ya viharusi vinavyotokana na damu kutofika.

Dalili zake nazo hazifanani na zile tunazozitarajia. Bibi hakusahau majina ya wajukuu. Alikuwa mzito. Swali la kawaida lilichukua muda kujibiwa, mapishi ya hatua nne yalimchanganya, na hatua zake zilifupika kana kwamba sakafu inateleza. Nyumbani tulisema ni uzee tu. Mfano wa bomba ulitufundisha kungoja siku mdomo utakapopinda na mkono kulegea, siku bomba litakapoziba. Wakati tunangoja, madhara yalikuwa yanaendelea kimya kimya.

Hata pale ambapo kweli kuna kuziba, mfano unapungua. Kuna chembe zinazoikumbatia kapilari kwa nje, zinaitwa perisaiti. Mwaka 2014 watafiti wa London walionyesha katika panya kwamba damu ikikatika, perisaiti zinabana na kisha kufa zikiwa zimebana vilevile, na kapilari inabaki imefinywa. Daktari anaweza kuondoa bonge kwenye ateri kubwa na bado damu isirudi vizuri huko chini. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu perisaiti zipi hasa zinabana na kwa nguvu kiasi gani, lakini somo liko wazi: kuzibua juu si kuponya chini.

Sasa fikiria tofauti ya vitendo. Ukiamini bomba, dawa ni kuzibua: mara moja, kwa kitu kikali, limao likiwezekana. Ukielewa mshipa ulio hai unaopigwa kila sekunde, dawa ni kuulinda kila siku, kwa miaka, kabla ya dalili. Na ulinzi wenye ushahidi mzuri zaidi tulio nao unaanza na presha. Utafiti wa SPRINT MIND nchini Marekani, uliochapishwa 2019, ulifuatilia watu zaidi ya 9,300 wenye miaka 50 na kuendelea. Nusu walilenga presha ya juu isiyofika 120, nusu isiyofika 140. Kundi la kwanza lilipata upungufu mdogo wa akili kwa kiwango cha chini kwa takribani asilimia 19, na mabaka meupe yao yaliongezeka polepole zaidi. Kwa demensia kamili, tofauti haikutosha kuthibitisha kitu, na haifai kuificha. Pia watu wenye kisukari hawakuhusishwa. Lakini vidonge vile vilivyomchosha bibi vilikuwa na hoja nyuma yake. Chupa ile haikuwa nayo.

Kama si bomba, tuseme nini? Mimi siku hizi natumia mfereji, ile mifereji ya Wachagga inayoshusha maji kutoka Kilimanjaro. Mfereji una watu. Wa shamba la chini akihitaji maji anapeleka habari juu, lango linafunguliwa, maji yanashuka kwake. Unadumu kwa sababu unatunzwa kila msimu, na kingo zikilegea maji yanapotea hata kama hakuna jiwe lililoziba. Nao si mfano kamili. Wito wa kapilari hauendi kwa zamu wala kikao, unafika ndani ya sekunde chache, na ukingo wa udongo hauchagui kipi kipite. Lakini angalau unamwachia msikilizaji mambo mawili ya kweli: kwamba kuna kuitana, na kwamba kuna kutunza.

Hapa ndipo ninapowashika wenzangu, na mimi nikiwemo. Tukiandika "ni kama" fulani, tunafurahi msomaji akisema ameelewa. Hatuulizi amepata ruhusa ya kufanya nini. Mfano ukishatoka kinywani mwako, mtu anaupeleka nyumbani na kuutumia kuamua anywe nini, ameze nini, amngoje nani. Mfano mzuri upimwe hapo.

Bibi amerudi kliniki na anameza vidonge vyake, baada ya mazungumzo marefu kuliko hotuba yangu ya sekondari. Uzito wake wa kufikiri haukuondoka, kwa sababu kilichokwisha kufa ndani ya ubongo hakirudishwi na kidonge. Tunajaribu kulinda kilichobaki. Chupa bado ipo jikoni. Anasema anaitumia kwa kikohozi, na hapo sikumbishia.