Mafundi wa Goma na Mgandamizo wa Injini

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Silinda inayotoa mgandamizo wa baa 12 Mombasa, pwani, hutoa takriban 10 hapa, ingawa haina kasoro. Fundi anayelijua hilo anastahili pongezi kubwa: hafungui tena injini aliyoifunga jana kwa sababu ya namba peke yake. Hulinganisha silinda kwa silinda. Yenye kipimo cha chini humiminiwa oili kidogo, kisha hupimwa upya. Kipimo kikipanda, ringi zinavuja au bado hazijakaa, kisipopanda hukagua valvu. Silinda mbili jirani zikishuka pamoja, hushukiwa gasketi ya hedi. Kipimo kikizidi kawaida, pengine hedi ilichongwa mno.