Chupa, Chumvi na Gunia la Mahindi

Kisiwa cha Mombasa hakina shamba. Nazi na muhogo wa Kilifi huvuka daraja la Nyali, wa Kwale hupanda feri Likoni, mahindi ya bara huingilia Makupa. Kwa hivyo anayelinunulia jiko la shule huku Mji wa Kale sharti ajuane na wakulima wa ng'ambo. Huo ni ufundi, ingawa mwenyewe haitwi fundi.

Mtazame akipokea mahindi. Mkono huuzamisha hadi katikati ya gunia, maana juu ndiko yanakopangwa mazuri. Hung'ata punje: ikipasuka kwa mlio, imekauka, ikibonyea, bado. Akishuku, hutia konzi ya punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, akaitikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji. Kiwango rasmi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Anayeona huko ni kujisumbua akumbuke mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya ukungu, aflatoksini, yalipoua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui.

Baadaye ndiyo hesabu. Mpango wa serikali ulioanza 2009, wa shule za maeneo kame kujinunulia chakula karibu na kwao, ulimpimia mtoto gramu 150 za nafaka, 40 za jamii ya maharagwe na 5 za mafuta. Kwa kipimo hicho watoto 300 wanataka kilo 45 za mahindi na 12 za pojo kila siku. Mkulima wa ekari moja hayawezi hayo peke yake. Lazima wajikusanye, na mtu wa kuwakusanya ni huyu huyu mnunuzi, kwa simu na kwa miguu. Tui la nazi halimo katika kipimo hicho, lakini mtoto aliyelelewa kwa mbaazi za nazi usimwekee mahindi makavu.

Pagumu ni pesa. Mavuno ya masika hutoka Julai na Agosti, na mkulima anataka chake pale pale mzanini. Hela za shule huja kwa wakati wake. Mnunuzi mzuri haahidi tarehe asiyoijua. Na gunia akilikataa, mwenyewe huonyeshwa chupa, huelezwa siku za kuanika, na likikauka hupimiwa kabla ya magunia mageni.