Vya Kulala na Vya Kuamka

Harusi ya Ujiji haiishi pale gari la maharusi linapoondoka. Ngoma ikishanyamaza, nyumba inabaki na watu: mashangazi waliotoka Tabora kwa treni, wajomba waliovuka ziwa kutoka Kalemie na Uvira, watoto waliolala majamvini bila ya mtu kuwa na hakika ni wa nani. Wote hao wataamka na njaa, na baadhi yao wana safari. Wa boti anatakiwa awahi Kibirizi. Wa treni anataka afike stesheni ya Kigoma akiwa ameshashiba. Chai ya asubuhi hiyo ndiyo inayonivutia mimi kuliko pilau ya jana. Pilau ina mashabiki wake wa kutosha.

Pilau hupikwa ikaliwa siku ileile, mbele za watu, na mpishi wake husifiwa hata kabla mikono haijanawa. Chai ya kesho yake hupikwa vipande vipande, huku na huku, na mtu ambaye miguu imeshamvimba kwa kusimama. Hata hivyo ikifika saa moja asubuhi sinia zinatoka, chakula kinafuka moshi, wala hakuna aliyesikia kelele za sufuria usiku kucha. Ukimfuatilia mpishi mzoefu wa shughuli tangu jioni, utaona kwamba ujuzi wake umo katika kuamua kipi kikamilishwe usiku na kipi kiachwe njiani. Mpishi mchanga humaliza vyote ili apate kulala, halafu asubuhi anapakua chapati kavu na vitumbua vilivyonywea. Mzoefu huacha kazi nusu kwa makusudi, na kila chakula ana mahali pake pa kukikomeshea.

Maharage ni ya kulala. Haya yanayoshuka kutoka Kasulu na Buhigwe huroweshwa mapema, yakachemshwa jikoni mle mle wakati nyama ya pilau inaiva kwenye mafiga ya jirani, kisha yakaachwa na mchuzi wake. Kitunguu na nyanya vitangoja. Tui la nazi litangoja zaidi, kwa sababu maharage yaliyotiwa tui jioni, katika joto la ziwani, huwa yamechacha kabla ya adhana ya alfajiri. Sufuria hutokoswa mara ya mwisho, ikaepuliwa, na haifunikwi gubigubi mpaka mvuke upungue. Baada ya hapo hakuna kuchokonoa. Akija kijana na kijiko chake kuonja, atasikia tu, “Mwanangu, ondoa mkono wako hapo,” na sauti hiyo haina mzaha, kwani mwiko uliopita midomoni huweza kuharibu chungu kizima.

Vitumbua ndivyo vinavyonifanya nimvulie mpishi kofia. Mchele umeroweshwa tangu mchana, umesagwa na iliki, na uji wake mzito sasa unatiwa hamira. Kiasi gani? Kwa vitumbua vya kuchomwa baada ya saa moja au mbili, mtu hutia hamira ya kutosha na kusubiri iumue. Kwa vitumbua vya kesho, hamira hupunguzwa sana, maana usiku mzima utafanya kazi iliyobaki. Ukizidisha, ndoo inafurika saa saba za usiku na asubuhi unga una uchungu wa pombe. Tena kipimo hakiwi kimoja mwaka mzima. Mwezi wa saba, upepo wa kusini unapovuma na alfajiri ina ubaridi, ndoo hufunikwa kwa khanga na kusogezwa karibu na majivu ya moto. Mwezi wa tisa au wa kumi joto limepanda, na ndoo ileile huwekwa sakafuni, mbali na jiko. Sijaona anayepima kwa kijiko. Mpishi huweka kiganja juu ya mdomo wa ndoo, anakaa kidogo, anaamua. Kuchoma kunaanza saa kumi na moja alfajiri na si mapema zaidi, kwa kuwa kitumbua uhai wake ni mfupi.

Chapati zina ujanja wake. Donge hukandwa usiku, likasukumwa, likapakwa mafuta na kuviringwa, likasukumwa tena, kisha chapati hubabuliwa juu ya chuma bila mafuta, upande huu na upande huu, zikapangwa na kufunikwa kwa kitambaa. Hapo ni nusu. Asubuhi hurudishwa chumani na kutiwa mafuta, na mgeni anayeikunja na kuiona inachanika tabaka kwa tabaka huapa kwamba imekandwa sasa hivi. Sambusa hufungwa jioni na kukaangwa asubuhi. Mihogo humenywa na kulazwa ndani ya maji. Maandazi ndiyo pekee yanayoweza kumalizwa kabisa jioni, bora yafunikwe kwa nguo na si kwa mfuniko, yasije yakatokwa jasho.

Lakini huku ni Kigoma, na chai ya Kigoma isiyo na dagaa ni chai ya ugenini. Dagaa, kwa kweli, ni chakula kilichoandaliwa mapema tangu ziwani. Wavuvi huwafuata usiku wa giza kwa mwanga wa taa; mwezi ukipevuka taa haziwavuti tena, na mitumbwi hupumzika pwani. Kwa hiyo mwenye shughuli aliyepanga harusi katikati ya mwezi, usiku mweupe, hategemei soko la siku hiyo. Amenunua wakati wa giza, wakiwa wamekaushwa. Na anachagua: waliokaushwa juu ya chanja ni ghali kuliko waliotandazwa mchangani, ila mwenye wageni wengi halalamiki, kwani mchanga ukigonga jino la mkwe harusi nzima itakumbukwa kwa hilo. Mwaka 2024, uvuvi ulipositishwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana, mwenye gunia la dagaa wakavu ndani alikuwa na heshima ya pekee mtaani.

Dagaa huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, maji yakimwagwa na kubadilishwa hadi chini ya beseni pasikwaruze, kisha hukaushwa kidogo. Mawese hupashwa kwanza peke yake mpaka ukali wa harufu ukatike. Hapa haraka ni adui. Mawese mabichi hutawala chungu kizima, na mawese yaliyoungua hayana dawa. Kitunguu, nyanya, dagaa, chumvi. Chumvi ya Uvinza ingefaa, nayo ni ya mkoa huuhuu, kutoka chemchemi ambazo watu wamezichemshia chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Sufuria ikipoa, mafuta hupanda juu na kuganda kama kifuniko chekundu, na kitoweo hulala chini yake kwa amani. Asubuhi moto huwa mdogo sana, mafuta yayeyuke taratibu bila kukoroga, la sivyo dagaa huvunjika wakawa uji. Limau hukamuliwa mwisho, sahani ikiwa inaelekea mlangoni.

Jambo lingine halimo chunguni, nalo ni kwamba mpishi hapiki vyote. Jirani huleta mkate wa sinia, mwingine birika la maziwa, mwingine ndizi. Ujiji ina desturi hiyo tangu zamani, na ushahidi wake umeandikwa na mgeni. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone hapo mwaka 1871, watu hukumbuka salamu ile ya kuvua kofia. Mimi huvutiwa zaidi na sinia zilizofuata, kama Stanley mwenyewe alivyozitaja: Sayd bin Majid alituma mikate midogo ya nyama ikiwa moto, Mohammed bin Sali akatuma kuku wa mchuzi, Moeni Kheri akatuma nyama ya mbuzi na wali. Halima, mpishi wa Livingstone, alijikuta ana wageni wa ghafla na chakula kinaingia kutoka nyumba za watu. Mpishi wa leo anaijua hali hiyo, na huipangia. Mapema amewagawia majirani vya kuleta, kwa maneno ya upole ambayo kwa hakika ni amri, zisije zikaingia sinia tatu za maandazi na chai isiwe na sukari.

Kahawa huachiwa wanaume wa barazani. Buni ya Kalinzi, ya milimani huko kaskazini mwa mji, hutwangwa na kuchemshwa kwenye dele juu ya makaa, na mpishi haisogelei. Nadhani anafanya vema. Mtu asiyekwenda kubishana juu ya kahawa hubakiza nguvu za vitumbua.

Kazi yake ya mwisho ni ya wasafiri. Safari ya treni hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250, na hakuna shangazi anayeruhusiwa kuianza mikono mitupu. Dagaa wengine, waliokaangwa wakavu bila nyanya, walitengwa tangu usiku kwa ajili hiyo. Hupoa kabisa juu ya ungo, huviringwa kwa karatasi, ndipo huingia mfukoni. Anayemharakisha mpishi awafunge wakiwa na joto, kwa sababu bodaboda inapiga honi nje, ataambiwa asubiri, na bodaboda naye atasubiri.