Karakana Nyingi, Mchezo Mmoja

Ndugu watano wa ukoo wa Guillemot walipoianzisha Ubisoft mwaka 1986 huko Bretagne, Ufaransa, hawakuwa na karakana ya michezo ya video nje ya nchi yao. Lakini madhali ustadi hauna taifa, na ijara hutofautiana baina ya mji na mji, walifungua milango Bucharest mwaka 1992, Montreal mwaka 1997 kwa ruzuku ya serikali ya Quebec, Casablanca mwaka 1998, na Singapore mwaka 2008.

Kinachostahili kuchunguzwa hapa si wingi wa majengo, bali mgawanyo wa kazi. Mchezo mkubwa hukabidhiwa karakana kuu moja yenye kauli ya mwisho. Nyingine hupewa sehemu, hii miji, ile vita. Na zote hutumia injini moja, yaani programu ya kuundia mchezo, ili alichokiunda mmoja Montreal usiku mwenzake wa Asia akikute tayari asubuhi. Kwa utaratibu huo karakana 10 ziliunda Assassin's Creed Unity ya mwaka 2014, nayo ikatoka na kasoro nyingi hata kampuni ikawaomba radhi wachezaji. Ni dhahiri kwamba kugawa ni nusu ya kazi. Nusu iliyo ngumu zaidi ni kuunga.

Kuna na ibra nyingine. Casablanca, karakana yao ya Afrika, ilipewa Rayman Legends, uliobuniwa Montpellier, iugeuze uchezeke katika PlayStation Vita. Mwaka 2016 ikafungwa. Singapore ilikabidhiwa vita vya merikebu katika Assassin's Creed III ya mwaka 2012, ikaimiliki fani ya bahari, na hatimaye ikaongoza Skull and Bones, uliotoka mwaka 2024, mchezo wa maharamia wa Bahari ya Hindi. Aliyeshika fani nzima ni vigumu kuachwa. Aliyeshika ncha ya kazi ya mwingine huondoka na ncha hiyo.

Wapo pia walioanza bila karakana yoyote. Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyelelewa kambini kaskazini mwa Uganda, alianza Salaam, mchezo wake wa amani, peke yake, kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka mitatu. Lakini ninyi vijana wa Juru na Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, msingoje kila mmoja aweze yote kama yeye: shirikianeni, mteueni kiongozi mmoja wa kuunga, na kila kundi lishike fani moja, iwe sauti, michoro au hadithi, hata ijulikane kuwa ni yenu.