Kuzuia Barua Taka: Neno Moja kwa Matendo Manne

Katika miongozo ya Kiswahili ya kuendeshea seva za barua pepe tuliyoipitia, kazi ya kukabiliana na barua taka hutajwa mara nyingi kwa neno moja tu: "kuzuia". Istilahi "barua taka" yenyewe hatuna ugomvi nayo. Kiingereza kiliazima jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Sisi tumeiita taka kwa jina lake, na msomaji huelewa bila kufafanuliwa. Kasoro imo katika kitenzi.

Seva huweza kufanya matendo manne yaliyo mbalimbali. Kwanza, kutia alama: programu ya SpamAssassin, iliyotolewa mwaka 2001, huipima kila barua kwa kanuni nyingi na kuijumlishia pointi. Zikifika 5, kiwango kilichowekwa na watungaji wake, barua hutiwa alama tu; haifutwi. Pili, kutenga, yaani kuiweka barua karantini hadi ikaguliwe. Tatu, kuikataa mlangoni kwa jibu la namba inayoanzia 5, ili upande ulioipeleka upate habari. Nne, kuitupa kimya kimya, asijue mpelekaji wala mpelekewa.

Je, fundi aliyeambiwa "zuia" atachagua lipi? Akichagua la nne, barua ya mstaafu anayedai haki yake yaweza kupotea pasiwe na wa kuulizwa. Hapo suala si la mapambo ya lugha, bali ni la uwajibikaji.

Vilevile "orodha ya kijivu" ni tafsiri ya rangi, si ya maana. Utaratibu huo, uliopendekezwa na Evan Harris mwaka 2003, huitaka seva ngeni irudi baadaye, kwa jibu linaloanzia 4. Seva halali hurudia. Programu nyingi za kumwaga taka zilikuwa hazirudii. Kwa nini tusiseme "kuahirisha mapokezi"?

Neno "kichujio" twalikubali, ila likumbushe desturi ya jikoni. Mpishi hayatupi machicha kwa mkamuo wa kwanza. Huyatia maji akayakamua tena. Kwa hiyo twapendekeza kutia alama, kutenga, kukataa na kutupa viorodheshwe kila kimoja peke yake, na "kuzuia" libaki jina la jumla.