Ratiba Isiyo na Jina Langu

Kazi ya ualimu humwachia mtu tabia ambazo haziondoki pamoja na barua ya kustaafu. Nilianza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nikawa mwalimu mkuu, baadaye mkufunzi, na miaka ya mwisho mkuu wa chuo cha ualimu. Hadi leo, nikiwa nimevuka miaka sabini, siwezi kusoma kitabu bila kalamu nyekundu mkononi. Katika sura hii nataka kuvisahihisha vitabu viwili vinavyohusu tiba ya viungo inayomfuata mtu mwenye ulemavu hadi nyumbani kwake. Namwomba msomaji avumilie, maana kabla sijamaliza nitalazimika kujisahihisha mwenyewe.

Kitabu cha kwanza kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1989. Waandishi wake ni Helander, Mendis, Nelson na Goerdt, na jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema Mafunzo katika Jamii kwa Watu Wenye Ulemavu. Kwa kweli ni mkusanyiko wa vijitabu: miongozo 4 na mafungu 30 ya mafunzo, yaliyopangwa kwa kufuata shida ya mtu, awe ni wa kutoona, kutosikia, kutotembea, mwenye ganzi, mwenye kifafa au mzito wa kujifunza. Cha pili ni Disabled Village Children cha David Werner, kilichotoka Marekani mwaka 1987. Hicho ni kinene kama tofali, nacho kimejaa michoro. Kilizaliwa katika kijiji cha Ajoya huko Meksiko, ambako mradi wa PROJIMO ulianza mwaka 1981 ukiendeshwa na wanakijiji, wengi wao wakiwa walemavu wenyewe. Werner naye alikiandika akiwa mtu mwenye ulemavu, kwa ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Ndiyo kusema, aisifuye mvua imemnyea.

Nilivisoma vyote viwili kwa sababu ya mjukuu wangu. Alizaliwa kwa taabu na hakulia upesi. Alipofika miaka miwili alikuwa bado hawezi kukaa, na miguu yake ilikaza na kupishana kama mkasi. Hospitalini wakatuambia ni mtindio wa ubongo. Kliniki ilikuwa mbali. Mama yake alimbeba mgongoni, akabadilisha magari mara mbili, akapoteza siku nzima kwa mazoezi ya nusu saa. Kisha tukapata bahati: mradi mmoja ukaanza kumtuma mtaalamu wa mazoezi ya viungo nyumbani kwetu, kwa pikipiki, kila baada ya wiki mbili.

Siku ya kwanza nilimngoja afungue mkoba atoe mashine. Hakutoa kitu. "Shikamoo Mwalimu," akasema, kisha akaomba aonyeshwe mahali mtoto anapolia chakula, anapolala na anapoogeshwa. Akamwambia mkwe wangu ambebe kama anavyombeba siku zote. Mkwe wangu akafunga mbeleko. Yule binti akatabasamu, akatueleza kwamba kumbeba hivyo, mapaja yamekumbatia kiuno cha mama, ni njia nzuri ya kuitenganisha miguu inayopenda kupishana. Nilimwona mkwe wangu akijinyoosha kidogo. Kwa miezi mingi alikuwa ameambiwa asiyoyajua. Siku hiyo aliambiwa analolijua.

Hilo ndilo sifa kubwa ya kitabu cha Werner, nami nakipa alama za juu. Kinaanzia nyumbani kwa mwanafunzi. Kiti cha pembe cha kumsaidia mtoto akae kinaweza kutengenezwa kwa mbao, hata kwa makaratasi magumu. Fito mbili zikisimamishwa sambamba huwa mahali pa kujifunzia kutembea. Fundi wa jirani alitutengenezea kiti hicho, na fito tukazikata katika mgrevilea wa mpakani. Zaidi ya hayo, kitabu kinamheshimu msomaji: kinamweleza sababu, kinamwonya mahali anapoweza kumwumiza mtoto, na kinamhimiza abadilishe mambo kulingana na mtoto aliye mbele yake. Mkufunzi akimfundisha mwalimu kijana hivyo, atakuwa amemfundisha kweli.

Kile cha Shirika la Afya kimeandikwa kwa mkono mwingine. Ni safi na ni kifupi katika kila fungu. Kina hatua za kufuata na maswali ya kupima maendeleo, na mmoja wa miongozo yake umeandikwa kwa ajili ya walimu wa shule, jambo lililonifurahisha. Lakini kinanukia waraka. Kinajua mapema kitakachotokea kila hatua, na nyumba zote kwake ni nyumba moja.

Lakini mimi mwenyewe nilitenda kama kile ninachokilaumu. Wiki ile ile nilichukua karatasi ya manila, nikapiga mistari, nikaandika ratiba: asubuhi kunyoosha miguu, saa nne kiti, saa kumi fito, jioni kunyoosha tena. Nikaacha visanduku vya kuwekea alama ya vema, nikaibandika ukutani. Mwisho wa mwezi visanduku vingi vilikuwa vitupu. Nikamwita mkwe wangu, nikamwuliza kwa sauti ile ya ofisini kama hakuona umuhimu wa mtoto wake.

Alikaa kimya kwa muda, macho chini. Kisha akasema, "Nisamehe, Baba. Ratiba yako ina vipindi vyangu vyote. Lakini jina lako halimo."

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye vitabu vyangu nikavisoma upya, safari hii nikitafuta jambo moja tu: nani anafanya kazi? Katika kile cha Shirika la Afya anayemfundisha mtu mwenye ulemavu ni mwanafamilia. Neno hilo halina uke wala uume, ndiyo maana ni rahisi kuliandika. Nyumbani mwanafamilia huyo huteka maji, hukata majani ya ng'ombe, hupika, hunyonyesha, kisha huambiwa nusu saa ya mazoezi si kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Werner ameliona jambo hili zaidi. Anawaingiza watoto wenzake, anawaingiza mafundi walemavu, na mazoezi anapenda yawe mchezo au kazi ya nyumbani. Hata hivyo, kila nilipofungua kurasa za mazoezi, niliyekutana naye mara kwa mara alikuwa mama, na babu mwenye muda mwingi na gazeti mkononi sikumwona.

Kwa elimu ya leo, kuna sehemu nyingine ya kupigwa mstari. Vitabu vile vilitoa nafasi kubwa kwa kumnyoosha mtoto viungo. Wataalamu wa sasa hawautegemei sana unyooshaji peke yake. Wanasisitiza kwamba mtoto mwenyewe ajaribu kutenda jambo analolitaka, mara nyingi, katika maisha yake ya kila siku. Kwa hiyo nusu ya ratiba yangu ilimchosha mama na kumliza mtoto kwa faida ndogo. Mjukuu wangu alikuwa anataka kumfikia kuku. Yule binti wa pikipiki alipoliona hilo, akatuagiza tutawanye mahindi mwishoni mwa zile fito.

Sasa nije kwenye kosa ambalo naliona katika vitabu vyote viwili, na katika mipango mingi iliyofuata. Ni wepesi wa kuamini kwamba jamaa wakishafundishwa, kazi itajiendesha. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika shule iliyopokea walimu wanagenzi wa UPE, vijana wa darasa la saba waliofundisha huku wakijifunza ualimu. Mkufunzi alikuja kwa baiskeli. Vijana wale walifanya kazi ya kishujaa, nami siwabezi. Lakini nilishuhudia kwamba mkufunzi alipokawia, makosa madogo yaliota mizizi, na mwenye kuyatenda hakujua kuwa ni makosa. Ziara haikuwa mafunzo yenyewe, ila bila ziara mafunzo yalipinda.

Kwetu pikipiki iliacha kuja. Tuliambiwa mradi umefika ukingoni, jamii sasa imejengewa uwezo. Tulipewa hata cheti. Mtoto hakuambiwa aache kukua. Kiti kikawa kidogo, nasi hatukujua kukikuza bila kumpindisha mgongo. Watoto wenye miguu ya kukaza hivyo wamo katika hatari ya nyonga kuteguka polepole bila kelele, na jicho la babu, hata la mwalimu, haliwezi kuligundua hilo. Tulirudi kwenye magari mawili na siku nzima ya kupoteza. Tulipofika, daktari aliuliza kwa nini tumechelewa.

Najua sheria zinasemaje. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka huduma za utengemao ziwe karibu iwezekanavyo na mahali watu wanapoishi, hata vijijini. Nasi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tiba ya nyumbani, kwa hiyo, ni haki. Na kama ni haki, haiwezi kuwa njia ya kuipunguzia hospitali gharama kwa kuziweka mgongoni mwa mwanamke mmoja juu ya mtoto aliyekwisha mbeba. Mtaalamu ndiye wa kuja, wa kupima, wa kusahihisha na kurudi tena. Nyumba nzima nayo inashiriki, kila mmoja kwa jina lake.

Hukumu yangu basi ni hii. Kitabu cha Werner kinafaa kusomwa bado, kwa tahadhari ya miaka yake, na ningependa kila chuo cha ualimu kiwe nacho, kwani kinafundisha kufundisha. Kile cha Shirika la Afya kifuatwe kama ramani, na aendaye aangalie njia. Vyote viwili viongezewe ukurasa mmoja mwanzoni, wenye swali ambalo mkwe wangu alinifundisha kuliuliza.

Ile karatasi ya manila niliishusha. Saa nne asubuhi ni kipindi changu. Nashika fito moja, mjukuu anashika nyingine, kuku wanatungoja. Jana alipiga hatua tatu, leo hakupiga hata moja. Sikuandika popote.